Klorini Ndani ya Sanduku la Kioo

Hospitali za macho, popote zilipo, hunuka klorini kabla hujafika mlangoni. Mwanamke waliyemwita Mama Mvuke alikuwa ameizoea harufu hiyo kiasi kwamba pua yake haikuishughulikia tena, ila pale ilipotokea mahali isipotakiwa. Jumatatu asubuhi, siku ya kwanza baada ya likizo ya kumuuguza mumewe, ilimpiga usoni katika wodi ya wanaume, kwenye kona ya dirisha. Hakuhitaji kusogea ili ajue. Alisogea hata hivyo.

Sanduku lake la kioo lilikuwa linang'aa. Ndani yake, zulia la kijani alilolilea kwa miaka sita lilikuwa limegeuka rangi ya gazeti lililosahauliwa juani.

"Nani?" aliuliza.

Hakupaza sauti, lakini wagonjwa wenye bandeji waligeuza vichwa wote kwa pamoja, maana mtu aliyefungwa macho husikia hasira hata ikinong'ona.

Jina la utani alilipata kazini. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa akitakasa vyombo vya upasuaji katika chumba kidogo kisicho na dirisha, ambamo mikasi huingia michafu na kutoka imepikwa kwa mvuke. Mashine yake hunywa maji yaliyosafishwa hadi hayana chumvi wala dawa, na kila ikimaliza kazi hutema lita moja au mbili kupitia mpira mwembamba. Wenzake wote waliotangulia waliyaacha yaende na karo, shimo la maji machafu. Yeye alianza kuyakinga kwenye ndoo, kwa ubahili tu wa mtu aliyelelewa na mama mbahili, kisha akaanza kutafuta kitu cha kuyanywa.

Kitu hicho kilikuwa kuvumwani, ule mmea mfupi, laini kama mgongo wa paka, unaojitandaza kwenye mawe na kuta zenye unyevu. Watu wengi huukwangua wakidhani ni uchafu. Yeye aliukwangua ili auweke. Aliua masanduku matatu kabla hajauelewa. Hauna mizizi, hunywa kwa mwili mzima, hivyo kinachougusa ndicho kinachouingia. Maji ya bomba huudhoofisha polepole, jua la moja kwa moja huukaanga. Sanduku la nne alilipanga kokoto chini, juu yake mkaa uliopondwa, kisha wavu, kisha udongo kiasi cha viganja viwili, na jiwe moja juu. Kila asubuhi alifungua kifuniko kwa muda wa kunywa kikombe kimoja cha chai, sanduku lipumue, akafunga.

Sista wa wodi ndiye aliyeligundulia kazi. Asubuhi baada ya kumtoa mtu mtoto wa jicho, kabla ya kumpeleka kwenye ubao wa herufi unaowatia watu hofu ya mtihani, alimketisha mbele ya sanduku, akafungua bandeji, akauliza, "Unaona nini?" Wengine waliona kijani. Wengine waliona vijiti vyembamba kama nywele vilivyosimama juu ya kijani hicho, kila kimoja na kofia yake ndogo. Aliyeviona vijiti, Sista alijua jicho limerudi. Kuna mzee aliyevihesabu hadi arobaini, akalia, akaanza upya.

"Nani?" Mama Mvuke alirudia.

"Mimi, wifi!" ilijibu sauti yenye furaha kutoka mlangoni. Aliyejibu alikuwa mfagizi wa wodi, dada wa mumewe, na fagio lake mkononi. "Umekiona? Ijumaa anakuja mkaguzi. Nikasema wifi yangu anamuuguza kaka yangu, nani atamsafishia kisanduku chake? Nimenyunyiza klorini mara mbili. Ukungu wote kwisha!"

"Ukungu?"

"Si ule wa kijani."

Mama Mvuke alimkata jicho ambalo wagonjwa, kwa bahati yao, hawakuliona. "Miaka sita unafagia chini ya sanduku hili. Miaka sita unasikia Sista akiuliza watu wanaona nini. Ulidhani wanaonyeshwa uchafu?"

"Nilidhani chini yake kuna maua."

Mgonjwa mmoja alicheka, akanyamaza upesi. Mfagizi alitazama sanduku, akamtazama wifi yake, na furaha ikamtoka usoni taratibu. Katika jengo lile kila kitu kilitibiwa kwa klorini: sakafu, vitanda, vitasa, viatu vya madaktari. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba kipo kitu kimoja cha kuachwa.

"Ningekuwa na nguvu ningekupiga na hilo fagio," Mama Mvuke alisema. "Lakini nina kazi. Toka hapo."

Kazi ilikuwa kuosha. Kama klorini ingesuuzwa yote, huenda chini ya jiwe au pembeni palikuwa na kipande kilichosalia. Alibeba ndoo ya maji ya mashine kutoka chumba cha mvuke, akapita nayo korido nzima, akamimina polepole, akayanyonya kwa mpira, akarudi kuchukua nyingine. Safari ya tatu alikutana na Katibu wa hospitali, kijana mwenye shati lililonyooshwa hadi kwenye mikunjo ya viwiko.

"Mama, maji hayo ni ya mashine."

"Ni ya karo, Bwana Katibu. Mashine imeshayatema."

"Ni mali ya hospitali. Na hilo sanduku halimo kwenye orodha ya vifaa. Ijumaa nataka lionekane kijani au lisionekane kabisa. Kwenye picha ya wodi iliyobandikwa mlangoni lipo, kwa hiyo heri lionekane."

"Haliwezi kuwa kijani Ijumaa. Limemwagiwa sumu."

"Basi nitaleta la dukani. Lisilokufa."

"La plastiki?"

"Ni kijani, Mama. Tofauti iko wapi?"

Damu ilimpanda hadi masikioni. Kwa wifi yake alikuwa amekasirikia kutojua. Huyu alijua kusoma, alijua kuandika, alipita pale kila siku akiwa na macho mawili mazima, na bado aliuliza tofauti iko wapi.

"Niandikie barua ya onyo," alisema, akaiinua ndoo. "Iandike mbili kabisa, maana nakuja na nyingine."

Alibeba ndoo kumi na moja siku ile. Ilipofika Alhamisi, kila kitu ndani ya sanduku kilikuwa cheupe, na kilipoguswa kilivunjika kama kaukau za viazi. Chini ya jiwe hapakuwa na kitu. Pembeni pia hapakuwa na kitu. Aliposema hivyo, Sista alimshika bega. Mama Mvuke aliutoa mkono ule.

Ijumaa alikuta mabaki yote yametolewa, na mahali pake pametandikwa majani ya bandia, yamebanwa kwa gundi. Katibu alikuwa amepanga mwenyewe. Alikuwa amelisimamia na jambo la pili pia: mkaguzi angeingia wodini saa ileile Sista anapofungua bandeji, ili aone ile desturi nzuri iliyoko kwenye picha.

"Ukisema neno..." alimwambia Mama Mvuke mlangoni.

"Nimeshaacha kukusemesha," alimjibu.

Mgonjwa wa siku ile alikuwa fundi cherehani mstaafu, mrefu, mwenye vidole vilivyojaa alama za sindano. Alisukumwa kwenye kiti cha magurudumu hadi mbele ya kioo. Mkaguzi, mwanamke mnene mwenye faili kifuani, alisogea. Katibu alitabasamu. Mfagizi alisimama nyuma kabisa, fagio limekumbatiwa. Sista alifungua bandeji, akapangusa kope.

"Haya, Baba. Unaona nini?"

Fundi alipepesa. Aliinama mbele, akakunja uso kama mtu anayepitisha uzi.

"Kijani."

"Safi!" alisema Katibu.

"Ngoja, mwanangu, sijamaliza. Kijani cha nailoni. Mshono umepita hapa, na hapa umerukwa. Kazi ya haraka haraka. Halafu kuna kitambaa kidogo kimeandikwa." Akasogeza pua hadi ikagusa kioo. "'Usiweke... karibu na moto. Osha kwa sabuni.'" Akageuka, uso umejaa nuru. "Sista! Naona hadi maandishi!"

Mkaguzi alicheka hadi faili likamwangukia miguuni. Wodi nzima ilicheka, hata waliokuwa bado wamefungwa bandeji, na fundi akacheka zaidi ya wote bila kujua wanachekea nini. Mama Mvuke peke yake hakucheka.

"Hapo palikuwa na nini zamani?" mkaguzi alimuuliza Sista, akijifuta machozi, na Sista akamweleza yote, vijiti na kofia zake, bila kumtaja mfagizi. Mkaguzi aliandika mstari mmoja, akausoma kwa sauti: sanduku lirudishwe lilivyokuwa, kwa maji linayohitaji.

"Tutayaondoa majani haya leo hii," alisema Katibu.

"Utaondoa wewe," Mama Mvuke alisema. "Kwa mkono wako. Na gundi ukwangue."

Aliikwangua, kwa rula, shati likiloa mgongoni, huku fundi akimwelekeza palipobaki.

Jioni, ukuta wa nyuma ya chumba cha dobi ulikuwa bado una mwanga. Bomba lilikuwa likivuja pale tangu mwaka juzi, na chini yake palikuwa na ukanda wa kijani. Mama Mvuke alipiga magoti, akapitisha kisu chembamba kati ya saruji na mmea. Mfagizi alimshikia sinia.

"Usiguse kwa kidole."

"Sigusi."

"Mikono umeosha kwa maji gani?"

"Kwa maji ya mashine. Ulivyosema."

Kisu kikaendelea. Kipande cha ukubwa wa kiganja kikatoka kizima, kikalala kwenye sinia.

"Wifi, bado umenuna?"

"Bado."

"Mpaka lini?"

"Mpaka kitoe vijiti."

"Kinachukua muda gani?"

"Miaka miwili. Kikipenda."

Mfagizi alilisogeza sinia karibu zaidi na ukuta. "Sawa," alisema. "Kata na kile cha pale."