Kikohozi Getini

Wahenga walisema kipya kinyemi ingawa kidonda. Kuhusu kikuukuu hawakuacha maelekezo, na Mama Bobini, aliyekuwa akitafuta pikipiki kuukuu ya bei nafuu, aliliona hilo kuwa pengo kubwa katika elimu yetu.

Alikuwa fundi wa vyerehani. Si wa kuvishonea, wa kuvitengeneza. Jina alipewa na washonaji, ambao kabla ya kumwita huapa kwamba kila kitu wamekiangalia, na baada ya kumlipa hugundua kwamba tatizo lilikuwa bobini, kile kidude cha uzi wa chini. Miaka mingi alizunguka kwa baiskeli, sanduku la vyombo likiwa limefungwa nyuma, mpaka goti lake la kulia likaanza kulia. Lingekuwa cherehani, alisema, angejua pa kutia mafuta.

"Nunua punda," mumewe akamshauri. Alikuwa mpaka rangi, na kazi ya rangi humpa mtu muda wa kutunga utani.

"Punda anakula hata siku asiyofanya kazi. Mmoja wa aina hiyo nyumbani ananitosha."

Basi akaenda kwa fundi pikipiki mwenye banda nyuma ya kituo cha mafuta, mtu mwembamba aliyeitwa Daktari kwa kuwa hakuwahi kumpa mteja habari njema. Daktari akasema anunue ya silinda moja, basi.

"Pistoni moja, plagi moja, kabureta moja. Ikigoma unajua nani wa kumlaumu. Silinda mbili zinasingiziana kama mawifi."

Akamweleza na mengine. Moshi wa buluu maana yake injini inakunywa oili. Meno ya sproketi, lile gurudumu dogo la kuvuta cheni, yakichongoka, cheni nayo imekwisha. Apapase fremu chini ya tangi, asije akauziwa pikipiki mbili zilizochomelewa zikawa moja. Namba ya injini ifanane na ya kwenye kadi.

"Na kubwa kuliko yote, mama. Ukifika tu, shika injini. Lazima iwe ya baridi. Ukiikuta na joto, mwenyewe ameiamsha mapema ili isimwaibishe mbele yako. Hapo geuka uende zako. Usibishane."

Ya kwanza aliyoiona ilikuwa na moshi wa kufukuzia nyuki. Ya pili ilikuwa na namba mbili na wenye mali watatu. Ya tatu ilikuwa kwenye stoo ya shule, chini ya shuka, na muuzaji wake alikuwa mwalimu wa chekechea aliyeongea na watu wazima polepole, kana kwamba muda si mrefu angewaambia walale.

Ilikuwa ya kaka yake, alisema. Kaka alikwenda kufanya kazi mbali, homa ikamkuta huko, akazikwa hukohuko. Pikipiki haijawashwa tangu msiba.

Mama Bobini akapenyeza mkono chini ya shuka, akashika injini. Ilikuwa na joto. Si la kuunguza. Joto la kikombe cha chai ambacho mwenyewe ametoka nje kidogo tu.

"Nani ameiwasha leo?"

"Itawashwa na nini, dada? Mafuta yenyewe niliyamwaga. Tazama."

Akafungua tangi. Kavu, likinuka kutu. Stoo haikuwa na dirisha, wala bati lake halikuwa na tundu la kupitisha jua. Hapo ndipo mtu mwenye akili angegeuka. Lakini alikuwa amekuja na chupa ya petroli, na mtu aliyebeba petroli njia nzima hapendi kurudi nayo. Akaimimina, akapiga kiki. Ikawaka mara ya kwanza, utadhani ilikuwa inangoja kuulizwa.

Huyu ni mwanamke aliyekula kwa masikio yake maisha yote. Anaijua sindano iliyopinda kabla hajavuka kizingiti cha duka. Aliisikia sauti ile: tu, tu, tu, nzito, isiyo na haraka, na kila mkono wa mafuta ukilegezwa, moto ukapungua, ikakohoa mara moja, kha, kama mtu anayetaka ajulikane amefika. Akaipenda. Bei nayo ilikuwa ndogo kiasi kwamba kuuliza swali lingine kungekuwa utovu wa adabu.

"Nina ombi moja," mwalimu akasema. "Usipite nayo mtaa wetu jioni, ndio saa aliyokuwa akirudi. Mama yuko kitandani, moyo wake si mzima, na hatujamwambia. Anajua kaka yuko safarini. Tangu aondoke, kula kwenyewe ni kwa kubembelezwa."

Mama Bobini alilishika sharti hilo mpaka mshonaji wa sare za shule, mteja wake mkubwa, alipohamia mwisho wa mtaa huohuo na vyerehani vyake vikagoma. Kazi ilimchukua hadi jioni. Angeweza kuisukuma pikipiki mpaka barabara kuu. Alilikumbuka hilo akiwa ameshapiga kiki.

Nyumba ilikuwa na geti la kijani, na mbele ya geti kulikuwa na tuta. Akapunguza moto. Injini ikakohoa. Kutoka dirishani, sauti ya bibi mzee, ya mtu asiyehitaji kupaza, ikasema:

"Pole, mwanangu."

Hakugeuka. Goti lilimuuma hadi nyumbani, ingawa safari hiyo halikuwa na kazi yoyote.

Kesho yake mwalimu akamfuata. Mama Bobini alikuwa ameandaa maneno ya kuomba radhi, mazuri tu, yakaharibika bure.

"Mama amekula," mwalimu akasema. "Kamaliza sahani, akalalamika chumvi haitoshi. Anasema kaka amerudi, ila kazi zimemzidi, ndio maana haingii. Naomba upite tena leo."

"Dada, si uliniomba nisipite?"

"Nilikuomba kabla hajala."

Mumewe aliposikia akaweka brashi chini. "Kwa hiyo umeajiriwa kama marehemu."

"Ni kupita tu."

"Nasema nakupongeza. Hiyo kazi hawastaafishi."

Akawa anapita. Tuta, kikohozi, pole mwanangu. Bibi akaanza kukaa kitako, kisha akaanza kugombana na majirani kupitia dirishani, dalili ambayo familia nyingi huihesabu kuwa ndiyo afya. Pikipiki, kwa upande wake, ikaanza kutoa moshi wa buluu.

"Ringi za pistoni zimekwisha na silinda imelika," Daktari akatangaza, akiwa karibu na furaha kuliko alivyowahi kuonekana. "Ukiendelea, siku moja pistoni itang'ang'ania, gurudumu la nyuma lifunge ukiwa katikati ya barabara. Na lori la nyuma yako halitabisha hodi."

"Ukitengeneza, hii sauti itabaki?"

"Sauti ipi?"

"Hicho kikohozi."

"Mama, kikohozi ndio ugonjwa wenyewe. Nikutibie halafu nikuachie kikohozi kiwe ukumbusho?"

Akaahirisha. Kila asubuhi aliongeza oili, na kila jioni injini iliinywa. Kisha siku moja, alipolivuka tu lile tuta, gurudumu likafunga. Akarushwa mtaroni, sindano na bisibisi zikatawanyika, na lori la mchanga likapita palepale alipopaswa kuwa. Kutoka dirishani:

"Pole, mwanangu. Taratibu."

Akaokota vyombo vyake, akaisukuma pikipiki hadi stoo ya shule, mbali na masikio ya bibi, akamkuta mwalimu.

"Hii inaenda kufunguliwa. Ikirudi haitakohoa tena. Na mimi nina watu wanaopenda nirudi nyumbani mzima."

Mwalimu akaifuta tope taa ya mbele kwa kiganja. "Basi. Kesho jioni asipoisikia ataniuliza. Akiniuliza, nitamwambia ukweli. Ama atakula, ama ndio tutamzika na yeye."

Kesho yake jioni injini ilikuwa imefunguliwa yote. Silinda ilikuwa ndani ya beseni, pistoni juu ya gazeti, kabureta kwenye kopo la petroli. Fremu imeegemea ukuta, kifua kitupu. Mvua ilikuwa ikinyesha tangu asubuhi. Mama Bobini alikaa kwenye stuli, akimfikiria bibi anayetega sikio. Saa ya kupita ilipofika akanyoosha mkono, bila kujua kwa nini, akaigusa ile silinda.

"Daktari. Ina joto."

Daktari akaigusa, akauvuta mkono upesi. "Jua," akasema. Mvua ikaongezeka kidogo juu ya bati.

Asubuhi akaenda kwa miguu hadi geti la kijani, akitazamia kukuta watu wamekaa nje kwa huzuni. Mwalimu akafungua akitabasamu.

"Dada, Mungu akupe maisha marefu. Nilikuwa kando ya kitanda, maneno yako mdomoni, nimeshika mkono wake. Ndipo ukapita."

"Uliisikia?"

"Sote. Ulikohoa hapo tutani kama kawaida. Mama akakwambia pole, akala. Si ulisema unaipeleka kwa fundi?"

Mama Bobini akalitazama tuta. Kwenye kidimbwi cha mvua kulikuwa na utando wa oili wenye rangi zote. Oili ni oili, yaweza kuwa ya mtu yeyote.

"Fundi alichelewa," akasema.

Pikipiki ilirudi ikinong'ona kama cherehani kipya. Hakutaka kuupita tena mtaa ule, lakini mshonaji wa sare hakuhama kwa ajili ya hofu za watu. Jioni ya kwanza alilikaribia geti, akapunguza moto. Injini haikukohoa. Gurudumu la mbele lilikuwa bado halijagusa tuta, na barabara mbele yake ilikuwa nyeupe, hakuna hata kuku, sauti iliposema dirishani:

"Pole, mwanangu."

Ikawa hivyo kila jioni. Kila mara mapema kidogo kuliko yeye. Hatimaye mwalimu akamkuta dukani kwa mshonaji, na kwa mara ya kwanza aliongea haraka.

"Dada, mama ananiuliza jambo sina jibu lake. Anasema kaka anapita vizuri tu, hana wasiwasi naye. Lakini siku hizi kuna pikipiki nyingine inamfuata nyumanyuma. Anataka kujua huyo mgeni ni nani, na anamtaka nini mwanawe."

Mama Bobini akapuliza vumbi kwenye bobini, akairudisha mahali pake.

"Mwambie ni fundi cherehani. Anarudi kwake. Hana ubaya."

Jibu hilo lilimtosha bibi, na bado anakula. Mama Bobini naye bado anapita. Hamna njia nyingine, na pikipiki haina kasoro, jambo linalomsikitisha Daktari. Ila akikaribia geti la kijani hupunguza mwendo mapema kuliko tuta linavyodai, na hata barabara ikiwa tupu huacha nafasi ya kutosha kati yake na aliye mbele, kama sheria za barabarani zinavyotaka.