Nilisajili Simu ya Mke Wangu, Akanifungia Barua Pepe

Jamani, nimekosa! Nasema wazi, kosa ni langu mimi mwenyewe, shetani hahusiki, wala mtandao.

Mimi ni mtu wa Mbeya, nafanya kazi ofisi moja hapa Sumbawanga. Barua pepe za kazi nazisomea kwenye programu ya maandishi matupu. Skrini nyeusi, herufi nyeupe, hakuna picha wala vitufe. Mtandao wetu ukizubaa, wenzangu wanasubiri ukurasa ufunguke, mimi nimeshajibu. Sifa zilinijaa mpaka kichwani!

Basi makao makuu wakabadili utaratibu. Nenosiri peke yake halitoshi tena. Kila asubuhi unaonyeshwa namba kwenye kompyuta, halafu namba hiyo hiyo unaiweka kwenye simu janja kuthibitisha kwamba ni wewe. Nilihangaika na ile programu yangu mpaka ikakubali. Ila simu yangu janja ilikuwa imetumbukia kwenye ndoo ya maji, nimebaki na kitochi, cha kupiga na kupokea tu. Nikasajili simu ya Mama Neema, mke wangu, anayeuza maharage Kizwite.

Ikawa kila nikifika kazini nampigia. "Mama Neema, weka thelathini na nane." Anaweka, naingia. Alifurahi kweli! Nami nikajitapa, "Bila simu yako hata jambazi haingii humu."

Sasa sikieni ujinga wangu. Jumamosi moja tulitakiwa Kaengesa, kijijini kwao Mama Neema, kumsaidia baba mkwe kupukuchua mahindi. Nikamwambia mke wangu nina barua za kazi za haraka, atangulie na mtoto. Uongo mtupu! Nilienda kuangalia mpira na washikaji, nikala na nyama choma juu.

Jumatatu asubuhi, kabla sijafungua barua pepe, bosi akanifuata mezani. "Umechaguliwa semina ya Arusha. Nimekutumia barua, ithibitishe kwa barua pepe yako kabla ya saa sita, la sivyo nafasi anapewa mwenzako." Arusha! Sijawahi kufika Arusha maishani. Nikafungua skrini yangu nyeusi, namba ikatokea, nikapiga simu.

"Mama Neema, weka sabini na moja, haraka!"

"Subiri kwanza, Baba Neema. Jumamosi ulikuwa kazini?"

"Nilikuwa kazini, mama."

"Mbona hukunipigia unipe namba? Nilishika simu siku nzima kule shambani, naogopa ikiuliza nisiisikie. Mama akasema niiweke chini nile. Nikakataa."

Loo! Jasho likanitoka na baridi yote hii ya huku kwetu Ufipa. Nikajibu kipumbavu kwamba nilitumia njia nyingine.

"Njia ipi? Si ulisema hata jambazi haingii?"

Nikamrudia namba tu, sabini na moja. Akasema taratibu, "Simu inauliza kama anayeingia ni mtu ninayemjua. Mimi simjui." Akabonyeza hapana.

Akaunti ikafungwa palepale! Fundi wa makao makuu akanipigia mbio mbio. "Kaka, kuna mtu anajaribu kuiba barua zako!" Nikamwambia ni mimi. "Haiwezekani, mwenye simu amekataa." Kufungua kungechukua mpaka kesho yake. Saa sita ikapita, Arusha akaenda mwenzangu. Alinitumia picha ya mlima, mshenzi yule!

Jioni nilikiri kila kitu, mpaka nyama choma. Mke wangu alilia kidogo, tena kilichomuuma si mpira, ni ile kushika simu siku nzima kwa ajili yangu. Hapo niliumia kuliko kuikosa Arusha.

Jumamosi iliyofuata nikaenda Kaengesa mwenyewe, bila kuitwa. "Shikamoo mama." Mama mkwe akaitikia marahaba, akanisogezea gunia. "Baba, barua za kazi zimeisha?" Ukoo mzima ukaangua kicheko! Nikacheka nao, nikapukuchua mpaka vidole vikavimba.

Wanaume wenzangu, nawaonya. Simu mpya nitanunua, na semina nyingine zitakuja. Lakini kama nyumbani yupo mtu anayeacha chakula kipoe ili wewe usikwame, usimdanganye. Mimi nimefanya hivyo, na mpaka leo akipokea simu yangu asubuhi, anauliza kwanza niko wapi.