Mpunga wa Mlimani Kwenye Jaruba la Dakawa

Ipo siku moja mpaka leo naikumbuka, mjukuu wangu Felista, na nakusimulia kwa sababu jana nilikusikia ukiongea na simu nyuma ya jiko. Ulibana pua hivi: "Aah, kwenye fomu nitajaza tu kwamba masomo ya mwaka wa kwanza nilishasoma. Kwani Kanada watajuaje?" Bibi yako darasa sikuliona, mke mwenzangu, ila masikio ninayo.

Najua kinachokuuma. Mama yako anakuita huko Kanada ukaishi naye, kidato cha tano umemaliza, umebakiza mwaka mmoja. Halafu shule ya huko inasema masomo yao ni ya miaka miwili, yamepangwa vingine, uanze mwanzo. Wenzako hapa watamaliza, wewe bado. Na huo udaktari unavyoukimbilia, utadhani unagawiwa sokoni!

Basi sikiliza. Mimi niliolewa nikitoka Matombo, mlimani, nikapelekwa Dakawa, bondeni. Kwetu nilisifiwa kwa jembe. Mpunga tulipanda kwenye mteremko: unachimba kishimo, unatia mbegu, unafukia, unasubiri mvua. Mama mkwe akaniuliza, na sauti yake ile nzito kama ya katekista: "Mwanangu, mpunga unaujua?" Nikainua kidevu. "Naujua, mama, tangu mdogo."

Akanionyesha jaruba langu, kipande cha shamba kilichozungushiwa tuta, akaenda msibani Ngerengere. Jirani, Mama Zuhura, aliyekuwa anaongea mbio kama cherehani, akaniona. "Shoga, kitalu kiko wapi? Miche iko wapi? Hapa tunaotesha kwanza, shoga, ndiyo tunapandikiza!" Nikamjibu asante dada, jembe sikuanza leo. Nikachimba vishimo vyangu vya mlimani jaruba zima. Zamu yetu ya maji ikafika, mfereji ukafunguliwa. Weee! Mbegu nyingine zikaelea, nyingine zikaozea humo humo kwenye tope. Bata wa watu walishiba siku hiyo.

Mama mkwe aliporudi hakunifokea, na heri angenifokea. Alisimama kwenye tuta, akatazama, akasema polepole, "Kulima unajua, nimeona. Ungeniambia tu, 'Mama, huu wa maji sijawahi.' Ningekufundisha kwa siku mbili."

Msimu ule tulikula mchele wa majirani, na malipo yake, mimi ndiye niliyewatwangia mpunga wao. Uliofuata nikakaa kitaluni, watoto wadogo wananifundisha kung'oa miche, wananicheka. Nikacheka nao. Tukavuna.

Kwa hiyo jaza ukweli, mwanangu. Waandikie: hiki nimesoma, hiki sijakiona. Waulize na yapi watakuhesabia, maana hiyo kemia yako usiitupe. Mimi kwenye kupalilia niliwaacha mbali wote pale Dakawa, na mkono ule niliutoa mlimani. Wakikurudisha mwaka, rudi. Ukiingia darasa la mwisho kwa uongo, mwalimu ataanzia mahali ambapo wewe hujafika, na utaona aibu hata kumuuliza. Mgonjwa wako wa baadaye hatataka kujua shule ulimaliza na miaka mingapi. Atataka ujue unachomfanyia.

Haya, ilete hiyo fomu uijaze hapa, nimekaa. Mungu akutangulie, Mama Maria akufunike kwenye baridi ya huko, akupe walimu wenye subira na wewe akupe mdomo wa kuuliza. Nimekubariki, mwanangu, na hata huo mwaka wa kurudia nimeubariki.