Nilivyomfanya mama mkwe mwenyekiti wa kijiji, sebuleni kwake Mombo

Wakuu, salamu kwenu popote mlipo na mihangaiko yenu.

Hiki kisa ni changu mwenyewe, sijahadithiwa. Asiyeamini apite kimya kimya, sitagombana na mtu.

Mimi ni Mzigua wa Kang'ata, Handeni. Mwaka jana nilikwenda Mombo kusikiliza jibu la posa. Binti ni Msambaa, tumwite Zaina.

Najua mtasema mwoaji haendi mwenyewe, anatuma mshenga. Mshenga alikuwepo, ni mjomba wangu. Ila baba wa binti alitaka kuniona sura kwanza.

Tukakaribishwa sebuleni. Jibu haliwezi kutoka mpaka baba mkubwa wa Zaina ashuke kutoka Lushoto. Basi tukasubiri.

Wakuu, mimi kutulia sijaumbiwa. Mguu unacheza, shingo iko dirishani, kila gari likisimama barabarani nanyanyuka nusu. Soda imeshaisha baridi yote ya friji, sijaigusa. Nilikuwa naogopa, niseme ukweli. Zaina nampenda na nilijua wakikataa sina pa kukata rufaa.

Mjomba akanifinya paja.

Mzee akawasha TV, nadhani alinionea huruma. Ikatokea series ya vyombo vya anga. Kiingereza kitupu.

Mjomba badala ya kunyamaza akasema, "Kijana wetu Kiingereza kwake ni maji ya kunywa. Atatutafsiria."

Sikujua nimuue au nimshukuru.

Sasa episode yenyewe ya vichekesho. Kapteni anaingia kwenye mashine ya kusafirisha watu, yeye na mama mkwe wake aliyekuja kuwatembelea. Mashine inapata hitilafu. Wakitoka, wamebadilishana miili. Kapteni yumo ndani ya mwili wa mama mkwe, mama naye ana ndevu za kapteni!

Niambieni wenzangu. Kwetu mama mkwe hata mkeka mmoja hukai naye. Na wangu alikuwa nyuma ya pazia pale, nasikia sufuria zake. Naanzaje kutamka kitu kama hicho?

"Huyo mama ni nani yake?" mzee akauliza.

"Huyo ni... mwenyekiti wa kijiji. Mashine imewabadilishia miili, sasa yeye ndiye mwenye ndevu."

Uongo ukishazaliwa unataka kulelewa. Mara mwenyekiti, na ndevu zake, anamwita mke wa kapteni "mwanangu". Mara anafunua chungu na kumkaripia kwamba mchuzi hauna chumvi.

"Mwenyekiti gani anaonja mpaka mboga za watu?"

"Anajali wananchi, mzee."

Mjomba anatikisa kichwa kwa fahari, hajui lolote. Mimi jasho linanitiririka mgongoni.

Ndipo pazia likasema.

"Huyo siyo mwenyekiti. Huyo ni mkwewe. Mimi nimeiona kwa jirani, imetafsiriwa."

Mjomba akainamisha kichwa. Mzee akazima TV, akanigeukia taratibu.

"Ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua, baba. Shikamoo."

Shikamoo ya pili hiyo, nilishamwamkia tangu mlangoni. Ulimi ulijiendea wenyewe.

Nikaanza kutafuta viatu kwa macho.

Nyuma ya pazia kikaanza kicheko, kidogo kidogo, cha mtu aliyeziba mdomo kwa khanga. Halafu sauti ikasema, "Baba Zaina, mtu aliyeona haya kunitaja kwenye upuuzi kama ule, mimi hatanivunjia heshima."

Baba mkubwa akaingia na vumbi la safari, hata kukaa hajakaa. "Haya, mmefika wapi?"

Mzee akajibu bila kucheka, "Umechelewa, kaka. Mwenyekiti ameshapitisha."

Mpaka leo mama mkwe akipiga simu, Zaina ananiambia, "Mwenyekiti huyo anakusalimia."

Nilichojifunza: heshima kwa wakwe wala huhitaji kuisemea, wanaiona hata pazia likiwa katikati. Na mshenga mpeni maneno ya kusema kabla hamjatoka nyumbani.

Je, wewe ungetafsiri nini pale? Karibuni, ila msinicheke sana.