Afande wa Foleni ya Majani Chai

Yule mama aliyesimamia foleni yetu ya majani chai ametutoka. Kinyozi wa Sotik aliponiambia, wembe ukiwa shingoni mwangu, nilicheka, nisamehewe, kwa sababu yeye mwenyewe aliongeza, "Huko alikoenda sasa watapanga laini."

Wakulima wa upande huu wanamkumbuka. Lori likichelewa, nasi tukianza kusukumana na vikapu, alikuwa akipaza sauti, "Kaba!" Hiyo ni amri ya jela: wafungwa wachuchumae wawili wawili, mikono kichwani, wahesabiwe. Hakuna aliyechuchumaa. Tulinyoosha laini tukicheka, naye akicheka. Alituambia neno hilo alilitoa kwa marehemu mumewe, askari jela. Yeye alikuwa mpishi tu wa kambi. Tukaamini, maana hata uji wake ulikuwa na ladha ya serikali.

Siku moja mama mmoja wa Londiani alikuja kutuuzia mbegu za viazi. Laini ikapinda, "Kaba!" ikatoka, na mgeni akashuka chini palepale kando ya gunia lake, mikono kichwani. Tukacheka, tukidhani ni mcheshi mwenzetu. Mwenye foleni hakucheka.

"Simama, mama."

"Bado hujanihesabu, afande."

"Hayo yaliisha."

"Yaliisha kwako. Mimi ulinihesabu asubuhi na jioni kule kambini, wakati wa Emajensi, Mwingereza alipotufungia. Na mpishi hashiki kiboko."

Afande wetu akachuchumaa kando yake. "Basi tuko wawili. Hesabu wewe."

"Nitahesabu nikipenda," mgeni akasema, akiinuka. "Kwanza nibebee gunia."

Kamati ya wakulima ilitaka kumwondoa afande, na bila foleni ile mjane yule hakuwa na heshima nyingine kijijini. Nikashauri mgeni aulizwe kwanza. "Alinipiga," akajibu. "Wako waliopiga zaidi, ila hao sijui waliko. Mkimfukuza huyu, nani atanibebea viazi?" Basi akabaki. Kila mara yule mama wa Londiani alipokuja, tulimwona afande chini ya gunia akinung'unika, na sauti nyuma yake, "Usiburute miguu, afande."

Shule yangu ni ndogo, huenda nachanganya mambo. Lakini redio iliwahi kusema kwamba Ujerumani, wakati wa vita vile vikubwa, wanawake pia walilinda kambi ambamo watu waliuawa, na baadaye baadhi yao wakafikishwa kortini. Huyu wetu hakuulizwa na korti yoyote. Sisemi makosa yao ni sawa. Nasema tu kwamba nikiwa nimeketi kando ya redio, moyo wangu uliniambia: wewe ungekataa kazi hiyo.

Jumamosi tukamzika. Foleni ya kutupa udongo ikapinda, tukasukumana kama kawaida yetu. Nyuma yangu sauti ya yule mama wa Londiani ikasema, bila kupazwa wala mzaha, "Kaba." Niliona mabega yakishuka mbele yangu, ya wanakamati, ya katekista mwenyewe, nami nilikuwa chini tayari kabla sijakumbuka kujiuliza kwa nini. Yeye peke yake alibaki amesimama. Alitupitia kwa macho mmoja mmoja, midomo ikimchezacheza, akatupa udongo wake. "Haya, afande," akaliambia kaburi. "Nimehesabu."

Hilo halimfutii marehemu kitu. Kusamehe si kazi yangu, ni ya mwenye gunia. Ila anayetaka kujua kama angekataa, asiulize moyo wake. Aulize magoti.