Abee ya Dishon

Dishon alipohamia Timbwani, kule Likoni, mwaka wa themanini na tatu, Kiswahili chake kilikuwa cha kuokoteza bandarini, alikokuwa kuli. Mwenye nyumba wake, Bi Mwanatatu, ndiye aliyemnyoosha ulimi. Mkubwa akikwita, alimfunza, itika papo hapo, usimngoje akwite mara ya pili. Dishon akaiga vile alivyomsikia bibi mwenyewe akiitika: "Abee." Hakujua kwamba hilo ni itiko la wanawake, mwanamume husema labeka. Vijana wa barazani walicheka wakashika mbavu, na jina likamganda.

"Abee wa bara, mumeo hajambo?"

"Hajambo, awasalimu," naye hujibu, wakacheka pamoja.

Neno bara lilikuwa na mwiba hata wakati ule, ila ulikuwa haujachoma. Kule bandarini mwiba ulichoma upande wa pili. Matano, mtoto wa kakake Bi Mwanatatu, alikwenda kuomba kazi, na mnyapara, mtu wa bara, akamwambia watu wa pwani wajua kulala tu. Dishon alikuwapo. Alitazama chini. Tangu siku ile Matano alimwita mbara bila kucheka.

Agosti ya tisini na saba, wabara walipoanza kushambuliwa kwa mapanga na kufukuzwa pwani, wakawa wanakimbilia feri, magodoro vichwani. Dishon alichelewa. Bi Mwanatatu akamsukuma chumbani, akatia kufuli kwa nje.

Alasiri uani kukajaa nyayo.

"Shangazi, Abee yu wapi?" Ilikuwa sauti ya Matano.

"Kesha kwenda zake."

"Basi tufungulie tuone."

"Ya nini kufungua? Ngoja nimwite." Akasogea hadi mlangoni. "Dishon. Ewe Dishon."

Neno lilimjaa Dishon kinywani. Akauma ukosi wa shati.

"Mwaona?" akasema bibi. "Miaka yote hii sijapata kumwita mtu huyu mara mbili."

 Kisha nyayo zikaondoka.

Dishon alivuka, akahamia Kiembeni kwa dadake, Pascalia. Bi Mwanatatu akafariki mwaka uliofuata, kabla Dishon hajapata moyo wa kurudi Likoni.

Sasa, akiwa amekaa mlangoni mchana kweupe, mara huinua kichwa.

"Nani amekuita?" Pascalia humuuliza.

 Dishon amesikia jina lake mara mbili, kwa sauti ile ya uani, na sauti yangoja. Hutaka kuitika. Akija kushtuka, ukosi wa shati umo kinywani.