Mwano na Mlango wa Darasa

Nilikuwa mtoto wa fundi seremala wa Tabora mjini, ndiyo kwanza nimetoka chuo cha ualimu, na kiburi changu kingetosha shule tatu. Nikapelekwa upande wa Choma, mbali kupita Nzega, kwenye chumba kimoja cha udongo na wanafunzi waliotoroka kila siku kwenda kuchunga. Mkaguzi Mwingereza alikuwa amesema wazi kwamba akikuta tena madawati matupu, shule inafungwa. Basi nikawa nachapa. Niliwaambia asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na mkuu mwenyewe nilikuwa mimi. Mungu anisamehe, nilianza kuipenda fimbo.

Asubuhi ya ukaguzi, mwano ukalia. Mwano ni yowe la hatari. Likipigwa, kila mwanamume anayelisikia hubeba silaha na kukimbilia lilikotoka. Asiyekwenda ni adui wa kijiji. Vijana wangu wakasimama wote, na darasa la pili la siku zile lilikuwa na watu wenye ndevu. Nikatia komeo mlangoni, nikasimama mbele yake.

Mmoja, mkubwa kuliko wote, akanisogelea kwa adabu.

"Mwalimu, huo ni mwano. Baba yuko malishoni peke yake."

Nilimchapa usoni. Akainua mikono, nikamchapa mikono, kisha mgongo, hadi fimbo ikapasuka na shati lake likalowa damu. Angeweza kunivunja kama bua la mtama. Hakunigusa, maana nilikuwa mwalimu wake. Wenzake wakaketi.

Mkaguzi hakuja siku ile. Alasiri wanakijiji wakamleta baba wa yule kijana niliyemchapa, juu ya kitanda cha kamba, mkuki umemtoboa tumbo. Wezi wa ng'ombe walikuwa watano, na waliowahi kufika kumsaidia ni wazee wawili tu. Alikata roho kabla hawajamtua.

Wanakijiji wakanifuata nyumbani. Sikuulizwa kitu, nilivutwa miguu hadi nje, marungu yakaanza. Nilisikia mfupa wa mkono wa kulia ukivunjika. Nililia bila haya, nikipiga kelele kwamba mimi mtu wa mjini, sikujua yowe lile ni la nini. Mzee mmoja akawazuia. Akasema mgeni asiyejua hauawi, lakini aliyejua akazuia watu, huyo ndiye aliyemwua marehemu. Akamgeukia yule kijana, akamwuliza kama ni kweli sikujua.

Kijana akanitazama. Uso wake ulikuwa umevimba, jicho moja limefumba kwa kipigo changu. Nilijua nimekwisha.

"Hakujua," akasema. "Hakuna aliyemwambia."

Marungu yakashushwa, ingawa yeye mwenyewe ndiye aliyeniambia asubuhi ile. Yeye akaenda kumchimbia baba yake kaburi.